Albamu Sita za Mzee Mungai

Baba yangu, Mzee Mungai, alikuwa na sabuni mbili. Ya mche ilikuwa ya familia nzima, na aliikata vipande kwa kisu ili isiishe upesi. Ya pili, ya kunukia, ilikuwa yake peke yake, na aliitumia kabla ya kugusa noti zake. Mtu akifika kwetu Langas, Eldoret, Jumapili jioni angemkuta ameketi mezani, mikono imeinuliwa ikauke kwa hewa kwa sababu hakutaka taulo iache nyuzi, akingoja nami ninawe. Mimi ndiye niliyemfungulia kurasa. Kaka yangu Nderitu alikuwa na vidole vya jasho, na mama, kwa maneno ya baba, alikuwa mtu wa mafuta ya kupikia.

Albamu zilikuwa sita. Ya kwanza ilikuwa ya noti za Afrika Mashariki, zile za wakati wa Mfalme na wa Malkia. Tano zilizobaki zilikuwa za Kenya tangu tupate uhuru, kila rangi, kila sahihi, kila mwaka. Baba alikuwa na duka la sukari, kiberiti na unga, na wateja walimlipa kwa noti zilizokunjwa mara nane, zinazonuka maziwa na kwapa. Hizo alizitupa kwenye kopo bila kuziangalia. Lakini noti ikija imenyooka, aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka chumba cha nyuma, na mteja angoje chenji mpaka achoke.

"Pesa ya kutumika ni takataka," aliniambia. "Pesa ni ile haijaguswa na mjinga."

Nilimwamini hadi nilipofika Kidato cha Pili.

Mwaka huo, 1995, nilirudishwa nyumbani na wenzangu kumi na wawili kwa sababu ya karo. Nilikuwa nimebakisha elfu tatu na mia tano. Nilifika dukani na sanduku langu la bati kichwani. Baba alinisikiliza huku akipima sukari ya mteja, kisha akasema, "Hakuna pesa, Waiyego. Ngoja mwezi uishe."

Nikangoja. Jumapili ile aliniita mezani kama kawaida, tukanawa. Alitoa bahasha kutoka mfuko wa koti. Ndani mlikuwa na noti mpya za mia tano, zilizotoka mwaka ule ule, saba, nambari zake zikifuatana kama watoto wa shule kwenye mstari. Mtu wa benki alikuwa amemwekea.

"Hebu ona," alisema, na sauti yake ilitetemeka. "Saba, Waiyego. Zinafuatana."

Nilikuwa na miaka kumi na sita na hesabu nilikuwa naijua vizuri. Saba mara mia tano. Nilimwangalia usoni nikidhani anafanya mzaha wa kunishtua kabla hajanipa. Akanisukumia albamu. "Fungua ukurasa wa mwisho. Polepole."

Nikafungua. Mwezi uliisha, na mwingine ukaisha. Sikurudi shule. Mama, ambaye wateja walimwita Tabby wa Dukani, alijaribu kumsemesha mara moja akaambiwa auze mkufu wake kama anaona elimu ni muhimu sana. Hakuwa na mkufu. Mwaka uliofuata nilikwenda kwa shangazi mjini kujifunza kufuma sweta kwa mashine, na kazi hiyo ndiyo ninayoifanya hadi leo mtaani Huruma. Nafuma sweta za wanafunzi. Shule ishirini na mbili za hapa Eldoret nazijua kwa rangi ya kola.

Mtu atauliza kama nilimchukia baba. Chuki ni kazi, na mimi nilikuwa na kazi nyingine. Nilimdharau tu. Dharau haikuombi kulala macho. Unampelekea mtu chakula, unamfulia shuka, unamkata kucha, na huku moyoni umemweka pale unapoweka kiatu kilichotoboka.

Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Langas, tulikimbilia uwanja wa maonyesho na maelfu ya watu wengine. Mama alibeba sufuria na blanketi. Baba alibeba sanduku la albamu. Duka lilichomwa na sukari yake yote, na yeye alikaa juu ya sanduku lile wiki tatu kama kuku aliyelalia mayai, huku mama, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, akipanga foleni ya maharagwe kwa niaba yake. Watu walidhani ana vyeti vya ardhi mle ndani. Nilipowaambia ni noti za zamani, mama mmoja kutoka mji wa Burnt Forest aliniuliza, "Za kununua nini?"

Mama alifariki 2011. Baba alimfuata mwaka jana, mwezi wa Machi, akiwa na miaka themanini na tatu. Miaka minne ya mwisho hakuweza kutembea vizuri, na mimi ndiye niliyekuwa nikitoka Huruma kila asubuhi kumpelekea uji na kila jioni kumpelekea chakula. Nderitu, ambaye ana duka la mabati na misumari mjini na nyumba katika mtaa wa West Indies, alikuwa akipiga simu.

Wosia ulisomwa sebuleni kwa Nderitu, wiki moja baada ya mazishi. Mkewe, Angeline, alikuwa ameandaa chai ya maziwa na keki kana kwamba tumekuja posa. Nderitu alivaa miwani akasoma mwenyewe, kwa sauti ile anayoitumia akisoma matangazo kanisani. Ploti ya Langas, pamoja na vyumba vya kupangisha ambavyo baba alijenga baada ya duka kuchomwa, ni ya Nderitu. Shamba la ekari moja kule Moiben ni la Nderitu. Ng'ombe wawili ni wa Nderitu.

"'Na binti yangu Waiyego,'" alisoma, akarekebisha miwani ili asicheke, "'achukue albamu zangu zote sita, kwa sababu ana mikono safi. Azitunze na asizitenganishe.'"

Angeline ndiye aliyecheka. Aliziba mdomo kwa kitambaa cha keki, lakini mabega yalimsaliti.

"Usikasirike, Waiyego," alisema. "Angalau hutakosa karatasi ya kuwasha jiko."

"Wazee wana mambo," Nderitu alisema, akikunja wosia. "Tuombe."

Tukaomba. Wakati wote yeye akimshukuru Mungu kwa baba mwenye hekima, mimi nilikuwa nikiangalia soksi zake. Watu waliniambia baadaye niende kortini, kwamba sheria ya siku hizi inampa binti sehemu sawa na mwana. Najua. Lakini kesi ni kukaa benchi moja na mtu miaka mitano mkitazamana, na sikuwa na hamu ya kumtazama Nderitu hata dakika tano. Nilipakia sanduku kwenye bodaboda nikaenda nalo Huruma.

Karakana yangu ni chumba kimoja ninachogawana na Nanyama, mwanamke wa Webuye anayeshona sketi na suruali za shule. Amekaa upande wa dirisha miaka tisa, na hakuna mtu Huruma ambaye hajawahi kuonja ulimi wake. Alifungua albamu ya kwanza akiwa na ndizi mkononi.

"Huyu nani?"

"Mfalme wa Waingereza."

"Na amekufa?"

"Zamani."

"Kama baba yako," Nanyama alisema, akafunga. "Weka hapo juu ya vitambaa. Panya wakila, wamekula mfalme."

Zilikaa pale miezi miwili. Kisha Nderitu akaja.

Kwanza nilisikia gari, kisha nikasikia Nanyama akisema, "Bwana mkubwa amepotea njia." Nderitu hakuwa amewahi kukanyaga karakana yangu. Aliingia akiwa ameshika suruali ili isiguse vumbi, akabusu hewa karibu na shavu langu, akaketi kwenye kiti cha wateja. Alikuwa ameleta mkate na paketi mbili za maziwa.

"Dada," alisema. Tangu utoto alikuwa ananiita Waiyego, au wewe. "Nimekuwa nikifikiria kuhusu mambo ya baba."

"Fikiria."

"Zile albamu. Kuna jamaa kwenye kikundi chetu cha kanisa alituma video. Noti moja ya zamani, moja tu, imeuzwa ng'ambo pesa ya kununua gari." Alishusha sauti kana kwamba Nanyama, aliye hatua mbili kutoka kwake, hana masikio. "Sasa nikaona, vitu kama hivyo ni urithi wa familia. Haviwezi kuwa vya mtu mmoja."

"Na ploti?"

"Ploti ni tofauti."

"Tofauti vipi?"

"Ploti ina kodi, ina wapangaji, ina choo kinajaa. Ploti ni mzigo, dada. Wewe hujui."

"Basi tubadilishane," nilisema. "Chukua albamu zote sita leo hii, weka kwenye gari. Nipe huo mzigo."

Nilimwona akifikiria. Aliangalia juu ya vitambaa, akaangalia mkate aliouleta, akapangusa goti ambalo halikuwa na kitu. Kaka yangu si mjinga, na hilo ndilo linalonichosha. Mjinga angeweza kusamehewa.

"Ngoja tuone kwanza zina thamani gani," alisema mwishowe.

"Yaani zikiwa na thamani ni za familia, zisipokuwa nayo ni zangu."

"Usipindue maneno yangu."

"Nderitu, mkate wako unakauka."

Aliondoka bila kumaliza chai aliyomiminiwa na Nanyama, na alikuwa amekwisha kupiga picha tatu za sanduku kwa simu. Nanyama alikata mkate vipande viwili. Alisema mtu anayeleta mkate wa jana kuja kuchukua mamilioni anastahili kuheshimiwa kwa ujasiri wake.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kama Wilson Kipyego wa Kapsabet, rafiki wa marehemu. Sauti yake ilikuwa ya mzee, ya upole. Nilimkumbuka. Makaburini kulikuwa na wazee watatu waliosimama kando na ukoo, wakiwa wamevaa suti za zamani, na mmoja wao alilia kuliko sisi wote. Nilidhani ni mtu wa kulia misiba.

Alikuja Ijumaa mchana. Kabla hajaketi aliuliza maji ya kunawa yako wapi. Nilimwonyesha ndoo. Alinawa, akainua mikono ikauke kwa hewa.

"Taulo huacha nyuzi," alieleza.

"Najua," nilisema.

Alipitia albamu zote sita kwa saa mbili. Hakutoa sauti ila kupumua kwa nguvu mbele ya ukurasa fulani. Nilikuwa nikifuma kola za kijani. Alipomaliza alitoa daftari, akaniambia bila kuzunguka kwamba habari za noti za kununua gari ni porojo. Noti nyingi za baba zilikuwa za kawaida, zingine hazizidi bei ya kuku. Za Afrika Mashariki ndizo zenye thamani, na zile saba zinazofuatana, kwa sababu ni safi. Angetoa laki moja na elfu themanini kwa zote, akiba yake ya uzeeni pamoja na kitu kidogo kutoka kwa mwanawe, mradi zisitenganishwe.

"Sikuja kufanya biashara, mama," alisema. "Nimekuja kwa sababu ya baba yako. Sijapata kuona mtu mkarimu kama yule."

Mashine ilisimama. Sikujua kama ni mimi niliyeisimamisha.

"Mkarimu?"

"Sana. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alikuja Kapsabet. Alikuwa akitununulia chakula hotelini sisi watatu tunaokusanya noti, matumbo na chapati, hakuna siku alikubali tulipe. Na mwaka wa tisini na saba..." Alivua miwani akaifuta. "Kijana wangu Kevin alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Alikuwa Kidato cha Tatu. Mimi benki ilikuwa imenipunguza kazi. Sikumwomba baba yako kitu, nilimweleza tu. Mwezi uliofuata akaja na bahasha. Elfu kumi na mbili. Alikuwa ameuza noti yake ya shilingi mia ya Mfalme, ile aliyoipenda kuliko zote, kwa Mhindi mmoja Kisumu. Aliniambia, 'Kipyego, karatasi ni karatasi, mtoto asome.' Leo Kevin ni daktari wa mifugo. Hakunidai hata siku moja."

Nanyama, upande wa dirisha, alikuwa ameacha kukanyaga cherehani.

Mzee wa watu alikuwa akinitazama kwa macho yenye machozi, akingoja niseme baba yangu alikuwa hivyo kweli. Alidhani amenipa zawadi. Nilisimama, nikachukua albamu ya tano, nikaifungua ukurasa wa mwisho, nikaiweka mapajani pake.

"Hizi saba," nilisema, "zilikuwa karo yangu. Mwaka wa tisini na tano. Nilikuwa nadaiwa elfu tatu na mia tano, na alizitoa mfukoni Jumapili hiyo hiyo akanifanya nizipange kwa mkono wangu."

Alitazama noti. Akanitazama mimi, akatazama mashine, kola za kijani, marobota ya uzi.

"Lakini," alisema, na akakoma.

"Lakini nini?"

"Alituambia ulikataa shule." Aliifunga albamu. "Alisema ana binti mwerevu lakini alikataa shule, akapenda kazi ya mikono. Kila mara alisema hivyo. Alisikitika sana."

Nilicheka. Sikulia kwa sababu mtu hulilia kitu alichokuwa anakithamini. Nilicheka mpaka Nanyama akaja akanishika bega. Miaka ishirini na tano mtu yule alikaa hotelini Kapsabet akila matumbo, akinisikitikia.

"Mzee Wilson," nilimwambia, "rudi nyumbani. Siuzi zote pamoja."

"Tafadhali. Zikitenganishwa haziwezi kurudi tena. Ni kazi ya maisha yake."

"Ndiyo maana."

Kesho yake asubuhi nilizitoa zile saba kwenye mfuko wake wa plastiki. Noti za zamani za elfu moja zilifutwa 2019, lakini za mia tano bado ni pesa, ingawa watu wamezisahau. Nilizikunja mara mbili. Zilikuwa ngumu, zilikataa, nikazikandamiza kwa goti. Nikaenda buchari.

Muuza nyama alizigeuzageuza. "Mama, hizi bado zinafanya kazi?"

"Kwa mara ya kwanza."

Alimwita mwenye buchari, mwenye buchari akampigia mtu wa benki, mtu wa benki akasema zipokelewe. Nikanunua nyama kilo nne, unga, sukuma wiki, mafuta, na nyanya. Nanyama alipika nyuma ya karakana kwenye sufuria ya kuazima, tukawaita mafundi wa mabati, mama wa mboga, fundi viatu, na mtu yeyote aliyepita akanusa. Nyama ilikuwa ngumu kidogo. Lakini watu kumi na wanane walikula, na fundi viatu aliuliza tunasherehekea nini.

"Waiyego amehitimu," Nanyama alisema.

Baada ya hapo niliuza. Niliuza kama mama wa mboga anavyouza mafungu. Mwenye hoteli mmoja wa mjini alichukua noti thelathini kuweka kwenye fremu ukutani, na aliniuliza kama zinaweza kukatwa zitoshe kwenye kioo. Nikamwambia akate. Mwalimu wa historia alichukua kumi kuwaonyesha wanafunzi. Mwanamke mmoja aliyekuja kutoka ng'ambo kwa likizo alinunua noti ya mwaka aliozaliwa, akanipa bei mara tano bila kuuliza, akasema inamkumbusha nyanya yake. Kijana mmoja alinunua ya shilingi ishirini ili amtanie mpenzi wake. Hakuna aliyenawa mikono.

Jambo moja lilinikera. Kila nilipotoa noti, vidole vyangu viliishika kwa ncha, polepole, bila kugusa katikati. Nilijilazimisha kuishika kiganja kizima. Nikisahau, vilirudi vilevile. Alikuwa amenifundisha vizuri. Hilo moja alinifundisha mpaka mwisho.

Nderitu alipata habari. Alipiga simu akanguruma kuhusu laana, kuhusu neno la marehemu, kuhusu wosia kuwa kitu kitakatifu. Nilimuuliza kama wosia ulisema albamu ni za familia. Akasema nisijifanye wakili. Akamleta mzee wa kanisa azungumze nami. Mzee wa kanisa alikuwa mtu mzuri. Alisikiliza pande zote, akanywa chai, akanunua noti mbili za shilingi kumi, akaondoka.

"Nikuulize," Nanyama aliniambia siku moja, sindano ikiwa mdomoni. "Unauza, ama unalipiza?"

"Kuna tofauti?"

"Anayeuza hungoja bei. Wewe jana umempa mtu noti ya mia kwa sabini."

Alikuwa amesema kweli.

Wilson alikuwa akipiga simu kila Jumatatu. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Ya leo ni gani?" nami nikamwambia, na nikasikia kalamu yake ikiandika upande wa pili, kama mtu anayeandika majina ya waliofariki. Mwanzoni nilifurahia. Nilimtajia moja moja, kwa mwaka na rangi, ili imchome. Baada ya miezi mitatu nikagundua kwamba ninamchoma mtu ambaye hakunikosea. Kosa lake lilikuwa kumpenda baba yangu, ambaye alijitahidi sana apendwe na watu wa Kapsabet.

Ilipobaki albamu ya kwanza tu, ile ya Mfalme na Malkia, nilimwita.

Alikuja na laki moja ndani ya gazeti. Nilimwambia elfu themanini zinatosha, kisha nikamwambia aketi.

"Nataka unieleze jambo," nilisema. "Pale hotelini. Alikuwaje?"

Wilson alifikiri kwanza. "Alikuwa mtu wa hadithi. Alimwiga yule mwenye hoteli, jinsi anavyotembea na tumbo mbele. Alikuwa akicheka mpaka anakohoa, tunampiga mgongoni."

"Baba yangu?"

"Mzee Mungai, ndiyo. Na alikuwa akiimba. Sauti mbaya, lakini anaimba. Siku moja alimwimbia yule msichana wa kuleta chai wimbo wa harusi wa Kikuyu, msichana akaona haya, sisi sote—"

"Imetosha," nilisema.

Nilimpa albamu. Aliifunga ndani ya koti lake, akaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto kwenye mvua, na mlangoni akageuka akitaka kusema kitu. Nilikuwa nimekwisha kuwasha mashine. Nilisikiliza hatua zake mpaka barabarani. Miaka arobaini na tano nimeishi duniani, na kicheko cha baba yangu kilinifikia kwa mdomo wa mtu mwingine, kikiwa kimetumika.

Pesa zote, za Wilson na za wale wengine, zilinunua mashine ya pili, na nimemwajiri msichana mmoja wa mtaa wa Munyaka anayeitwa Chepkorir, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu. Sikusema ni kwa kumbukumbu ya mtu yeyote. Ni mashine.

Juzi Nderitu alipiga simu tena. Sauti ilikuwa tamu, nikajua kuna mchango. Wanataka kuweka jiwe kaburini kabla ya Krismasi, marumaru, na fundi wa kuandika ameshapatikana.

"Angeline amependekeza maneno," alisema. "'Baba mpendwa, mkarimu, mwalimu wetu sote, umepumzika, tutakukumbuka daima.' Unaonaje?"

"Fundi analipwa vipi?"

"Kwa herufi."

"Andika jina na miaka," nilimwambia. "Nitalipa nusu."

Nikamsikia akihesabu kwa kunong'ona.

"Kweli," alisema. "Hata hiyo inatosha."